Jengo Moja, Zamu Mbili

Majina ya utani ya walimu pale shuleni mengine hayasemeki mbele ya wazazi, ila la kwake lilikuwa la heshima. Wanafunzi walimwita Mwalimu Dakika, na yeye badala ya kununa alilipenda, hata akawa analitumia mwenyewe akijibu simu. Alikuwa mwalimu wa hisabati, mrefu, mwembamba, suruali zake zimepigwa pasi mpaka mstari unasimama wenyewe, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akipanga ratiba ya shule. Ukitaka kumjua usihangaike kumtazama usoni, maana usoni hana analokuambia. Mngoje apite koridoni akute darasa limekaa bila mwalimu. Hapo utamwona anavyobadilika rangi, na ujue kuna mtu atatafutwa leo mpaka apatikane.

Hakuwa mkono wa birika, msimwonee bure. Harusi na misiba alitoa, na mgeni wake hakuondoka na njaa. Kilichomuuma roho ni kitu kukaa bila kazi. Dawati tupu lilimkera. Maabara iliyofungwa kufuli saa nane mchana ilimnyima raha kama mtu aliyeacha bomba la maji wazi nyumbani kwake. Watu wa aina hiyo wapo, na shule zinawahitaji, lakini kuishi nao ni kazi nyingine kabisa.

Aliyeishi naye ni mkewe, mwalimu wa jiografia shule hiyohiyo. Wanafunzi walimwita Mama Ramani, kwa sababu hakuingia darasani bila ramani kubwa iliyoviringishwa kwapani. Kila asubuhi, miaka nenda miaka rudi, wawili hao walikwenda shuleni kwa miguu. Mume alibeba ramani, mke alibeba maneno. Wakitoka tu nje mama anaanza: jirani kafanya nini, binti yao kakataa kuamka, mchele wa safari hii una mawe. Wakipita kwa fundi wa matairi wameshaanza kubishana. Wakifika kwenye ukuta mrefu wa ghala la saruji, mmoja kashanuna. Wakifika langoni wameshapatana, kisha wanaagana kwa sura za kazi, "Siku njema, Mwalimu," "Na wewe, Mwalimu," na wanafunzi wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Nyumbani kulikuwa na mtoto, kulikuwa na kupika, na jioni mitihani ya kusahihisha imejaa meza nzima. Nafasi ya kuwa mtu na mkewe ilikuwa ile barabara. Dakika hakulijua hilo. Alidhani anakwenda kazini tu.

Basi, wanafunzi wakaongezeka. Wakaongezeka mpaka wengine wanaandikia magotini na mwalimu hana pa kuweka mguu. Shule ikaomba ijengewe madarasa mapya. Akaja afisa elimu, bwana mmoja mnene mwenye maneno laini, akazunguka, akachungulia kila chumba, kisha akawakusanya walimu akawaambia, "Ndugu zangu, mnaomba jengo la pili wakati hili la kwanza linafanya kazi nusu siku. Saa saba watoto wameondoka. Madawati yamelala, maabara imelala, vitabu vimelala. Mlinzi analinda usingizi. Kwa nini tusifundishe zamu mbili?"

Walimu walishusha pumzi kama watu walioambiwa mshahara umechelewa. Dakika peke yake alikaa wima. Maana mambo hayo alikuwa akiyasema miaka yote na hakuna aliyemsikiliza! Jengo moja, shule mbili. Kundi la kwanza alfajiri hadi adhuhuri, kundi la pili adhuhuri hadi jioni. Kitabu kilekile kinasomwa na mtoto wa asubuhi na wa mchana, kwa kuwa hakitoki darasani. Mlinzi mmoja, maabara moja, tangi moja la maji, na gharama ya kumsomesha mtoto mmoja inashuka karibu nusu. Alisimama akaeleza ubaoni, chaki inaruka, na yule afisa akamtazama kama mtu aliyeokota dhahabu njiani. Palepale akakabidhiwa kazi ya kugawa walimu.

Ee bwana, kugawa watu siyo kugawa vipindi. Wote walitaka asubuhi, na wote wakawa na sababu. Huyu ana mtoto mchanga, yule ana mama mgonjwa, mwingine eti macho yake hayaoni vizuri jua likishazidi. Walimvizia koridoni, walimfuata chooni, mmoja alimtuma shemeji yake. Na chini kwa chini wakaanza kunong'ona kwamba bila shaka mkewe ameshachaguliwa zamu nzuri pamoja na bwana wake, watakuja na kuondoka kama maharusi, na sisi wengine tutaokota makombo.

Maneno hayo yakamfikia, yakamchoma. Siku ya kikao akasimama na karatasi mkononi, akasema, "Najua mnayosema. Basi nimeanza na nyumba yangu. Mimi nitakuwa mchana. Mke wangu nimemweka asubuhi. Nani ana neno?"

Hakuna aliyekuwa na neno. Wengine walipiga makofi. Ugomvi wote ukaisha siku ile, kila mtu akachukua zamu yake bila kufungua mdomo. Mama Ramani alikuwa safu ya pili, kalamu mkononi. Habari ile alikuwa akiisikia kwa mara ya kwanza, pamoja na watu wengine wote.

Jioni, barabarani, hakusema chochote mpaka walipofika ukuta wa ghala la saruji. Hapo akauliza, "Mume wangu, ulishindwa nini kuniambia nyumbani?"

"Ningekuambia ungenishawishi."

"Kwa hiyo tutaonana lini?"

"Mama, si tunalala nyumba moja?" Dakika akacheka. "Kwani nimekupeleka nchi za nje? Ningekuweka na mimi wangesema nini watu?"

Mkewe hakuuliza tena, si siku ile wala nyingine. Mwanamume mwenye akili angeshtuka. Huyu alishukuru kwamba amepata mke mwelewa.

Wakaanza maisha ya zamu. Mama alitoka nyumbani gizani bado, mume amelala. Mume alirudi jioni imeshaingia, amechoka, koo limekauka kwa vumbi la chaki, amekaa nyuma kuhakikisha kila mlango umefungwa. Akifika, mkewe keshakula, keshalala, kwa sababu alfajiri haingoji mtu. Hapo katikati palibaki kitu kimoja tu, ufunguo wa nyumba. Walikuwa na mmoja. Mchana, zamu zikipishana langoni, watoto mamia wanatoka na mamia wanaingia, vumbi, kelele, mpira unaruka vichwani, wale wawili walitafutana. Mama alisimama pembeni, mgongo ukutani, ili aonekane.

"Ufunguo huu hapa. Umekula?" Dakika anauliza.

"Nitakula nikifika. Gesi vipi?"

"Inakaribia kwisha. Mtoto anataka viatu."

"Viatu gani tena? Si juzi tu! Hebu geuka, kola imekaa vibaya." Na mama anamrekebisha kola mbele ya shule mbili nzima, wanafunzi wanapiga miluzi.

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao kwa siku nzima, na ukweli ni kwamba yaliwatosha. Walipata kugombana kidogo, kucheka kidogo. Ungemwuliza Mama Ramani miaka ile, angekuambia ndoa yake iko langoni, inakaa pale muda wa kupokezana ufunguo.

Sasa msikie alichofanya huyu bwana. Mpango wa zamu mbili ulifanikiwa mno. Wakuu wa shule nyingine wakaletwa kuja kujifunza. Dakika akawatembeza, fimbo ndefu mkononi, akawaonyesha dawati lisilopoa. Lakini jambo moja lilimkosesha usingizi. Ule muda wa kupishana zamu pale langoni ulikuwa mrefu. Watoto wanakwama, wanagongana, wengine wanapiga soga, na muda wa masomo unapotea. Akazunguka uzio, akapima, akakuna kichwa, akapata dawa. Nyuma ya shule kulikuwa na mlango mdogo wa kupitishia kuni zamani. Ukapanuliwa. Ikatangazwa kwamba zamu ya asubuhi, walimu kwa wanafunzi, watatoka kwa nyuma, na zamu ya mchana wataingia kwa mbele. Hakuna kukutana. Muda wa kupishana ukapungua zaidi ya nusu, na afisa elimu akamwandikia barua ya pongezi.

Jumapili, mkewe akiwa anaosha vyombo, alimwuliza bila kugeuka, "Sasa ufunguo?"

"Si uchonge mwingine, mama," Dakika akajibu, macho kwenye gazeti. "Yule fundi wa sokoni anakuchongea huku umesimama."

Mama Ramani aliendelea kuosha sahani ileile muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kesho yake akaenda kwa fundi, akachonga ufunguo.

Tangu hapo hawakuonana tena mchana. Binti yao akamaliza masomo, akaolewa, akahamia mji mwingine na mumewe, na nyumba ikabaki na watu wawili wenye ratiba mbili. Tuseme tu wazi, bila kuzungukazunguka, kwamba Mwalimu Dakika alikuwa mpweke. Aliamka asubuhi akakuta upande wa kitanda wa mkewe umeshatandikwa, shuka limenyooshwa mpaka katikati, likaishia pale alipolala yeye. Chai iko kwenye chupa. Kikombe kimoja kimeoshwa, kimefunikwa. Alikunywa chai akisikiliza bomba la jirani. Wakati mwingine aliongea peke yake, anamweleza mtu ambaye hayupo jinsi kidato cha pili wanavyoharibu hesabu za sehemu, kisha anajishtukia na kunyamaza kwa aibu. Alijaribu kumfikiria mkewe ametoka amevaa nini siku hiyo, akashindwa. Hakujua tena nguo zake.

Na msiniambie Jumapili ilikuwepo. Ilikuwepo, ndiyo. Walikaa sebuleni kama wagonjwa wanaosubiri daktari mmoja. Akianza mmoja, "Unajua yule mwalimu wa kemia..." mwenzake anauliza, "Yupi?" kwa sababu zamu zilikuwa na walimu tofauti, vituko tofauti, vicheko tofauti. Kueleza kila kitu kuanzia mwanzo kunachosha. Mmoja anachukua gazeti, mwingine anakwenda kuangalia jiko ambalo halina kitu.

Siku moja kijana mmoja, mwalimu wa jiografia wa zamu ya asubuhi, alibaki shuleni mchana kumsubiri mkewe. Walikuwa wameoana karibuni, mkewe akifundisha Kiswahili zamu ya mchana, na kwa sababu hiyo walimu wote walimwita Bwana Harusi. Alimkuta Dakika chumba cha walimu, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mzee. Hongera sana! Kumbe tunakwenda kukuita babu!"

"Marahaba. Babu wa nani?"

Kijana akaduwaa. "Si... Mama Ramani alituambia wiki iliyopita. Binti yenu. Tulimpigia vigelegele palepale." Akaona uso wa mzee, akamwachia mkono. "Labda nimesikia vibaya, Mzee."

"Hapana, umesikia vizuri," Dakika akasema. "Ahsante. Ndiyo, ni kweli."

Aliingia darasani akafundisha, lakini kichwani hamkuwa na hesabu. Jioni alimkuta mkewe bado macho, anasuka nywele zake mwenyewe mbele ya kioo.

"Mama, mbona sikujua kwamba binti yetu ni mjamzito?"

Mama Ramani aligeuka, kitana mkononi, na mshangao aliokuwa nao ulikuwa wa kweli. "Sikukuambia?"

"Hukuniambia."

"Siku ile ulirudi nimelala. Asubuhi ulikuwa umelala wewe, nikasema nisikuamshe. Halafu..." Akafikiri. "Halafu nikadhani nimeshakuambia."

Angesema amesahau, isingeuma hivyo. Angesema amemkomoa, angalau wangegombana. Dakika alikaa ukingoni mwa kitanda na viatu vyake, akashika tama. Wajukuu wanakuja, na yeye anapewa habari na watu baki.

Hapo ndipo alipopiga moyo konde. Mwisho wa mwaka uliofuata alikuwa anastaafu, kwa hiyo ratiba aliyokuwa akiipanga sasa ndiyo ya mwisho maishani mwake. Na bahati ilioje! Mwalimu wa jiografia wa mchana alikuwa amepata uhamisho. Nafasi iko wazi. Kumweka mkewe pale ni kuandika tu. Watu waseme wanavyotaka, alijiambia, watanifanya nini? Nitastaafu nao walie. Mwaka mmoja mzima wa kwenda kazini na mke wake na kurudi naye. Akilini alikuwa ameshaanza kutembea. Jua la saa sita ni kali, watachukua mwavuli. Ramani atabeba yeye.

Kulikuwa na tatizo dogo, Bwana Harusi. Kijana alikuwa ameshakuja ofisini kuiomba nafasi hiyohiyo ili awe zamu moja na mkewe. Na Dakika alimjibu nini? "Kijana, tukianza kupanga ratiba kwa mapenzi, tutafunga shule. Watu watasema nini?" Alisema hivyo bila haya, uso mkavu, na jioni yake akaandika jina la mke wake mwenyewe kwa penseli. Hata Mkuu wa shule, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alipoiona rasimu aliinua nyusi tu, akasema, "Afadhali, Mwalimu. Umechelewa."

Ila hakumwambia mkewe. Jamani! Hata baada ya yote hayo, hakumwuliza! Alitaka iwe zawadi. Alitaka mkewe aione mwenyewe ukutani, ashangae, aje mbio. Alipiga pasi shati jipya, akabandika rasimu kwenye ubao wa matangazo, na kama ilivyokuwa desturi akaandika chini yake kwamba mwenye pingamizi aje ofisini baada ya zamu kupishana.

Kengele ya mchana ikalia, watoto wakatoka kwa nyuma na wengine wakaingia kwa mbele bila kuonana. Ofisi ya ratiba ilikuwa chumba kidogo, meza, viti viwili, na ukuta mzima umejaa vipindi. Walimu wenye pingamizi walijipanga nje kwenye benchi. Aliingia wa kwanza akalalamikia Ijumaa. Aliingia wa pili, akalalamikia wa kwanza. Dakika akawajibu kwa upole hata wakashangaa. Moyo wake ulikuwa mlangoni.

"Mwingine!" akaita.

Akaingia mkewe.

Dakika alisimama, akatabasamu mpaka meno ya nyuma. "Umeona?"

"Nimeona." Mama Ramani alifunga mlango taratibu, akaketi kwenye kiti cha wenye pingamizi, mkoba mapajani. "Mwalimu, nimekuja kuomba unirudishe asubuhi."

Dakika akadhani anataniwa. Akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, naye akaketi. "Mama, ni mimi nimekuweka. Tuwe pamoja. Hukusoma vizuri?"

"Nimesoma. Ahsante, nakushukuru kwa moyo. Lakini naomba nibaki asubuhi."

"Kama ni watu, waache waseme."

"Siyo watu."

"Ni jua? Tutachukua mwavuli. Tutapita njia ya zamani, tutakwenda polepole, wewe utaongea..."

"Mume wangu," akamkatiza, na neno hilo Dakika hakuwa amelisikia siku nyingi, likamtia matumaini bure. "Nisikilize, nimalize. Ulipohamisha lango, nilikuwa nafika nyumbani mchana nafungua mlango kwa ufunguo wangu, nakaa kwenye kiti, nalia. Kila siku. Wewe hukujua, ulikuwa darasani. Nikasema nitazoea, sikuzoea. Nikawa nachelewa makusudi sokoni ili nisiingie mle ndani. Ilichukua muda mrefu sana. Halafu siku moja nikafika, nikavua viatu, nikawasha redio, nikajikuta silii. Nikanywa chai yangu. Mtoto akapiga simu tukacheka. Nikalala kidogo. Sasa ule mchana ni wangu. Ndio nilio nao. Ukinitoa pale uniweke barabarani na wewe, nitakuambia nini? Nimejaribu kufikiria tangu nilipoona lile tangazo. Sina la kukuambia."

Nje, benchi lililia kwa mtu kugeuka. Dakika alisogeza penseli, akairudisha. Alikuwa na majibu ya kila pingamizi, kwa miaka yote hakuna aliyewahi kumshinda pale mezani.

"Basi nigombeze," akasema mwishoni, sauti imepungua. "Nimekukosea, naona nimekukosea. Nikasirikie, nikuombe radhi, yaishe."

"Nilikasirika wakati ule. Nilikasirika sana, baba. Imeshaisha, wala sijui iliisha lini." Alimtazama kwa huruma, huruma ile anayotazamwa nayo mtoto wa jirani. "Nimeshaongea na Bwana Harusi. Yuko tayari kushika mchana wakati wowote, wewe mwenyewe unajua kwa nini. Kwa hiyo hakuna kipindi kitakachobaki wazi. Utaniruhusu?"

Pingamizi lenye sababu, na mtu wa kubadilishana yupo. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yake, na hakuna aliyewahi kutimiza masharti yote kama huyu. Dakika akavuta ratiba karibu. Akachukua kifutio, akafuta jina la mke wake polepole, akaandika la kijana. Herufi zikatoka za mtoto wa darasa la kwanza.

"Ahsante, Mwalimu," mkewe akasema. Akainuka. "Chakula chako cha jioni utakikuta jikoni, nitakifunika."

Dakika alitaka kuita mwingine. Alifungua kinywa, sauti haikutoka. Mama Ramani alikuwa ameshashika kitasa, akaona, akafungua mlango akamwitia yeye. "Ingia, mwanangu. Mwalimu yuko tayari." Kisha akaondoka kuelekea mlango wa nyuma.

Bwana Harusi aliingia ananyata. "Shikamoo, Mzee. Mama aliniambia nisubiri hapo nje. Eti inawezekana?"

"Imeshawezekana. Muhula ujao uko mchana."

Kijana alishindwa kujizuia. Akaruka, akapiga makofi, akakumbuka yuko mbele ya nani, akasimama wima. "Mungu akubariki, Mzee. Mke wangu hataamini. Nitamwambia usiku akirudi."

"Yuko wapi sasa?"

"Darasani. Kipindi ndio kwanza kimeanza."

"Kamwambie sasa hivi."

Kijana alidhani anategwa. Kuliko kumtoa mwalimu darasani pale shuleni, heri umtoe simba nyama mdomoni. "Hapana, Mzee, usiku si mbali. Ataacha darasa na nani?"

"Na mimi. Twende."

Wakaongozana koridoni. Dakika akabisha hodi, na yule mwalimu mchanga wa Kiswahili alipomwona mlangoni alishtuka, chaki ikamdondoka. "Mzee, sijachelewa! Nimeingia na kengele!"

"Najua, mama. Toka nje kidogo, mwenzako ana neno na wewe. Msiharakishe."

Akaingia yeye. Wanafunzi walisimama, wakamsalimu, wakaketi. Dirishani ukasikika mnong'ono, kisha kicheko cha yule binti, kikubwa, kisichojali watu watasema nini.

"Mwalimu," msichana wa mbele akauliza kwa woga, "tutoe vitabu vya hisabati?"

"Hapana," Dakika akajibu. "Kaeni tu."

Wakatazamana, hawajawahi kusikia neno hilo kwake. Yeye aliokota ile chaki sakafuni, akageukia ubao kana kwamba anaandika kitu, akabaki hivyo amewapa mgongo, maana machozi yalikuwa yameshatoka.